Maabara Ni Macho ya Tiba

Hakuna kamanda mwenye akili timamu anayepeleka kikosi chake porini bila ya kutuma wapelelezi kwanza. Hakuna mkuu wa kituo cha polisi anayemfikisha mshitakiwa mbele ya hakimu akiwa na dhana tupu mkononi. Jeshini kuna habari za upelelezi, na polisi kuna ushahidi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomtenga askari na mtu anayepiga risasi gizani. Lakini askari huyohuyo akishikwa na homa usiku, asubuhi atakwenda katika duka la dawa lililo karibu na lango la kambi, ataeleza kwamba kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma, atauziwa vidonge vya malaria, naye atavimeza bila kutolewa hata tone moja la damu. Akipata nafuu, ataisifu dawa. Asipopata nafuu, atanunua dawa nyingine. Huko ni kupigana na adui usiyemjua sura yake, wala hesabu yake, wala mahali alipojificha.

Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya maabara za hospitali, na juu ya uvumbuzi uliofanyika humo katika miaka ya karibuni. Twajua kwamba kwa watu wengi maabara ni chumba kidogo cha nyuma, ambako mtu mwenye koti jeupe huchukua damu kisha hupotea nayo. Maoni yetu ni kwamba chumba hicho ndicho kinachoamua kama mgonjwa atatibiwa au atabahatishwa. Aidha, maoni yetu ni kwamba uvumbuzi, hata uwe wa ajabu namna gani, haumfai mgonjwa mpaka jibu lake limfikie yeye na mganga wake kwa wakati. Na katika jambo hilo askari wenyewe, kwa vyeo vyao na kwa kazi yao, wana sehemu kubwa kuliko wanavyodhani.

ELIMU ILIYOKUA JESHINI

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba elimu hii si ngeni kwa majeshi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa akihudumu katika mji wa Constantine nchini Algeria, aliitazama kwa darubini damu ya askari mwenye homa, akaona ndani yake kijidudu kinacholeta malaria. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba homa hiyo hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari katika utumishi wa tiba wa India chini ya Waingereza, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu.

Hapa kwetu Entebbe, katika miaka ya 1902 na 1903, Aldo Castellani alikiona kijidudu cha malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, kisha David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akaonyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Wakati huo malale yalikuwa yakiwamaliza watu wa ukingo wa Ziwa Viktoria, na waliokufa katika miaka ile wanakisiwa kupita 200,000. Dawa ya maana ya malale haikuwapo. Lakini mara mbung'o alipojulikana kuwa ndiye mchukuzi wa ugonjwa, ilijulikana pia mahali pa kumkwepa, na watu wakaondolewa ukingoni mwa ziwa. Hatua hiyo ilikuwa chungu kwa waliopoteza mashamba na makaburi ya wazee wao, wala hatuisemi kwa kuipamba. Twaitaja kwa kuwa yaonyesha jinsi jibu la darubini moja linavyoweza kubadili mambo ya nchi nzima.

Jeshi letu lina kisa chake pia, nacho ni kizito. Mwaka 1986 askari 60 wa Uganda walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa damu huko, 18 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI. Mwezi Septemba mwaka huohuo, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana Harare, Fidel Castro alimpa Rais Museveni habari hiyo kwa faragha, na Rais mwenyewe amekieleza kisa hicho hadharani. Kipimo cha kutambua virusi hivyo katika damu kilikuwa kimepata idhini ya kutumika nchini Marekani mwaka uliotangulia tu, yaani 1985. Askari wale walikuwa watu waliosafiri kwenda mafunzoni, si watu waliolala vitandani. Kwa macho hakuna mtu ambaye angeweza kuwatenga waliokuwa wazima na waliokuwa na virusi. Kipimo kiliwatenga, na taifa likalazimika kusema kwa sauti jambo ambalo nchi nyingine zilikuwa bado zikilinong'ona.

KIFUA KIKUU KATIKA KAMBI

Tuje sasa katika makazi yetu. Polisi anayeishi katika kibanda cha mabati, kile ambacho kambini huitwa kwa mzaha "mama ingia pole", hahitaji kuelezwa maana ya msongamano. Baba, mama na watoto hulala chini ya bati moja, dirisha ni dogo, na mmoja akikohoa wote huivuta hewa ileile. Katika mabweni ya askari wanafunzi hali haitofautiani sana. Mahali pa namna hiyo ndipo kifua kikuu kinapopapenda.

Robert Koch alitangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya siku hiyo, chombo kikuu cha kukitafuta katika hospitali za nchi kama yetu kilibaki kuwa darubini. Makohozi hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huinama kuyatazama. Hatuidharau kazi hiyo, maana imewaokoa watu wengi na gharama yake ni ndogo. Lakini ina upungufu wake. Ili darubini ivione vijidudu hivyo, hapana budi viwepo kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Wagonjwa wengi, hasa watoto na watu wenye virusi vya UKIMWI, hawafikii kiasi hicho ijapokuwa ni wagonjwa kweli. Zaidi ya hayo, darubini huonyesha kijidudu lakini haiwezi kusema kama kijidudu hicho kinakubali dawa au kimekuwa sugu. Kwa jambo hilo ilibidi vijidudu vioteshwe katika maabara kubwa, na jibu lilichukua majuma mengi.

Mwezi Desemba mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo kipya kinachofanywa na mashine iitwayo GeneXpert. Mashine hiyo haitazami umbo la kijidudu. Hutafuta alama zake za urithi na kuzizidisha mara nyingi mpaka ziweze kutambulika. Huweza kukigundua kifua kikuu hata vijidudu vikiwa 130 hivi tu katika mililita moja, na kwa muda wa saa 2 hivi hutoa majibu mawili kwa pamoja: kama ugonjwa upo, na kama umekuwa sugu kwa rifampisini, ambayo ni dawa muhimu kupita nyingine katika tiba ya kawaida. Nchi yetu haikubaki nyuma katika elimu hiyo. Mwaka 2013 maabara kuu ya kifua kikuu ya Uganda iliingizwa katika kundi la maabara za rufaa za kimataifa za Shirika la Afya Duniani, zinazosaidia maabara za nchi nyingine.

Maana ya jambo hili kwa mgonjwa ni ipi? Tuchukue mfano wa konstebo mwenye kifua kikuu sugu. Zamani angeanzishiwa dawa za kawaida, angezimeza miezi kadhaa bila kupona, na muda wote huo angekuwa akiwaambukiza mkewe, watoto wake na wenzake wa zamu. Usugu wake ungejulikana baada ya mapafu kuharibika. Leo usugu huo waweza kujulikana siku ileile anapotoa makohozi. Tena tiba yenyewe imekuwa nyepesi. Tiba ya kifua kikuu sugu iliwahi kuchukua hata miezi 20, na ilikuwa na sindano zilizowaziba baadhi ya wagonjwa masikio; mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge vitupu ya miezi 6. Lakini tiba hiyo nzuri humsubiri mtu aliyekwisha kutambuliwa. Asiyepimwa haijui, wala nayo haimjui.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba ukishanunua mashine umemaliza kazi. Mashine hii hutaka umeme usiokatikakatika, chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 30, ukaguzi wa kila mwaka, na vikasha vyake vya kupimia ambavyo kila kimoja hutumika mara moja tu. Bei ya kikasha ilishushwa mwaka 2012 ikawa chini kidogo ya dola 10 za Marekani, na mwaka 2023 ikashushwa tena ikawa chini kidogo ya dola 8. Lakini hata bei hiyo ni mzigo kwa hospitali ya wilaya. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa sababu vikasha vimekwisha ni sawa na bunduki isiyo na risasi. Huwapa watu moyo kwa uongo.

TONE LA DAMU NA VIDONGE VYA MALARIA

Uvumbuzi mwingine ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa kazi. Ni kile kipimo cha haraka cha malaria, kipande cha plastiki kinachotiwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Hakihitaji umeme wala darubini. Mganga wa kikosi aweza kukitia katika mkoba wake akaenda nacho doria. Kwa sababu ya vipimo vya aina hii, Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, pasipokuwa na kizuizi kikubwa.

Agizo hilo lina sababu. Homa ina mama wengi. Nimonia huleta homa, homa ya matumbo huleta homa, na hata Ebola huanza na homa. Askari anayemeza dawa ya malaria wakati ugonjwa wake ni nimonia hupoteza siku ambazo huenda asizipate tena. Tena dawa inayotumiwa ovyo huzeeka mapema. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda wamekuta vijidudu vya malaria vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini, ambazo ndizo tegemeo letu kubwa. Kila dozi inayokatizwa, na kila kidonge kinachomezwa na asiye na malaria, huwapa vijidudu hivyo nafasi ya kujizoeza.

Lakini tumesikia, wala si mara moja, juu ya waganga wa kambi wanaofanya kipimo, kipimo kikaonyesha kwamba malaria haipo, na bado mgonjwa akadai apewe dawa ya malaria. Mgonjwa akiwa na nyota begani na mganga akiwa koplo, dawa hutolewa. Jambo hili halifai. Cheo ni kitu cha heshima, lakini hakibadilishi kilichomo katika damu. Afande anayemlazimisha mganga wake apuuze kipimo humfundisha mganga huyo kwamba kipimo ni mchezo, na kesho kuruta ataumia kwa sababu ya somo hilo.

Kwa haki twapaswa pia kueleza udhaifu wa kipimo chenyewe. Vipimo vingi vya aina hii hutafuta protini inayotolewa na kijidudu, nayo huweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo aliyetibiwa juma lililopita akipimwa tena kwa kipimo hicho aweza kuambiwa ana malaria ilhali hana; hapo darubini ya zamani ndiyo inayosema kweli. Kadhalika, katika nchi za Pembe ya Afrika kama vile Eritrea na Ethiopia kumepatikana vijidudu visivyotoa protini hiyo kabisa, na kipimo hupita juu yake bila kuviona. Askari wetu wametumwa mara nyingi pande hizo. Mganga wa kikosi asiyelijua jambo hili aweza kumrudisha zamu mtu mwenye malaria kali. Ndiyo maana twasema kwamba chombo kipya hakiondoi haja ya mtaalamu. Chamtaka mtaalamu awe na elimu zaidi.

KASI YA JIBU NA MAISHA YA WATU

Anayetaka kuona thamani ya maabara iliyo karibu na asome habari za Ebola katika nchi yetu. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulipoingia Gulu, sampuli zilipelekwa Afrika Kusini ili zitambuliwe. Jibu lilipotoka katikati ya mwezi Oktoba, moto ulikuwa umekwisha kushika. Watu 425 waliugua na 224 wakafa, miongoni mwao Dakta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba mwaka huo pamoja na wauguzi waliomtangulia katika kazi hiyohiyo. Mwaka 2007 ugonjwa ulianza Bundibugyo mwezi Agosti, na jina lake likajulikana mwishoni mwa Novemba, baada ya sampuli kufika Atlanta nchini Marekani na kuonekana kwamba ni aina mpya ya virusi vya Ebola.

Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe, ambayo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na ambayo iligundua virusi vya Zika mwaka 1947, ilipata mwaka 2010 maabara yake yenyewe ya kupimia homa za kutokwa na damu. Mwezi Mei mwaka 2011 mtoto wa kike wa miaka 12 kutoka Luwero alifikishwa katika hospitali ya kijeshi ya Bombo akiwa mahututi, akafa. Waganga wa hospitali hiyo walishuku, wakachukua damu, nayo ikapelekwa Entebbe badala ya kuvuka bahari. Ilikuwa Ebola. Waliokuwa wamemgusa mtoto yule walifuatiliwa kwa siku 21, na hakuonekana mgonjwa wa pili. Ugonjwa ambao Gulu ulizika watu 224, mara hii ulikomea kwa mtoto mmoja. Twamwomboleza mtoto huyo, na twawapa heshima yao waganga wa jeshi walioshuku mapema na mafundi wa Entebbe waliojibu upesi.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo isitulevye. Tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende, na mpaka ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142 na waliokufa kati yao 55. Maabara ya Entebbe ilikuwapo muda wote huo, wala haikulala. Lakini kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, watu walikuwa wamekwisha kufa vijijini bila ya mtu kuchukua damu yao. Maabara hujibu inapoulizwa. Isipoulizwa hunyamaza.

SOMO LA MOGADISHU

Kuna kisa kimoja ambacho kila askari aliyetumikia Somalia, au aliye na ndugu aliyetumikia huko, anastahili kukijua. Kuanzia mwezi Aprili 2009 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu, kuhema kwa shida na kusikia moyo ukiwadunda. Kufikia Mei 2010 waliougua walikuwa 241, na wanne walikufa. Wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda. Damu yao ilipimwa kwa magonjwa ya kuambukiza na kwa sumu, na vipimo vya kwanza havikuona kitu.

Ndipo wachunguzi walipouliza swali la jikoni: watu hawa wanakula nini? Ilionekana kwamba walioumia hasa ni wale waliokula posho ya jeshi peke yake, wasipate chakula kibichi cha huko, na waliokaa mahali pa kushambuliwa kila siku. Waganga wakashuku beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini B1. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu kwa haraka ya kustaajabisha. Kisha damu ya wagonjwa 16 iliyochukuliwa kabla ya tiba ilipimwa kwa kipimo maalumu cha upungufu huo, nayo ikathibitisha. Askari wazima nao walipewa vitamini, wagonjwa wakapungua, na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa.

Kisa hiki chatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mashine haimwondolei mganga kazi ya kufikiri na kuuliza. Vipimo vya mwanzo havikuona kitu kwa kuwa vilitafuta kitu kingine. La pili ni kwamba fikra ya mganga nayo huhitaji kuthibitishwa, la sivyo hubaki maoni tu, na maoni hayatoshi kubadili posho ya jeshi zima. Macho ya tiba ni mawili, mganga na maabara, na mwenye chongo hukosea njia upande mmoja.

YANAYOTUPASA

Twasema basi kwamba wakubwa wa serikali wanaopanga bajeti ya afya ya majeshi wasihesabu mashine peke yake. Kila mashine inayonunuliwa inunuliwe pamoja na vikasha vyake, umeme wake, matengenezo yake na mtu wake aliyefunzwa. Hospitali moja yenye kipimo kinachofanya kazi kila siku ni bora kuliko hospitali tano zenye mashine za maonyesho.

Makamanda nao wana wajibu wao. Askari anayekohoa kwa majuma mawili apewe ruhusa ya kwenda kupimwa bila kuitwa mvivu. Jibu la kipimo ni siri ya mgonjwa na mganga wake. Lisiwe hadithi ya mesi wala sababu ya kumdhihaki mtu katika gwaride. Twajua kwamba wako askari wanaokimbia maabara, si kwa kuogopa sindano, bali kwa kuogopa kukosa kozi, kukosa kupandishwa cheo au kukosa kutumwa nje. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli. Lakini wakubwa wanaomfanya mtu aone faida ya kuficha nao wana lawama. Kifua kikuu kinatibika. Mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake vizuri huishi na kufanya kazi miaka mingi. Utaratibu unaomwadhibu anayejitokeza kupimwa huwaacha kambini wale walionyamaza, nao ndio wanaoambukiza.

Kwa ndugu zetu polisi wa barabarani tuna ombi la pekee. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Afya imekuwa ikitumia vijana wa pikipiki kukusanya sampuli katika vituo vidogo vya afya na kuzipeleka katika vituo vikubwa, na kutoka hapo mpaka maabara kuu. Katika sanduku la nyuma ya pikipiki mna makohozi ya watu na damu ya watoto wachanga iliyokaushwa juu ya karatasi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida, kwa kuwa kinga ya mama huweza kubaki katika damu yake mpaka miezi 18. Hana budi kupimwa virusi vyenyewe, na kipimo hicho kwa kawaida hufanywa katika maabara kubwa. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo kijana wa sampuli anaposimamishwa kizuizini, akaguliwe kama sheria itakavyo, kwa adabu na kwa upesi, kisha aachwe aende. Asikalishwe juani mpaka adhuhuri. Sampuli ya mtoto wa askari yaweza kuwa ndani ya sanduku hilo.

Mafundi wa maabara nao hatuwasahau. Kazi yao haionekani, na sifa zao huchukuliwa na wengine. Lakini jibu lililochelewa mezani kwa sababu fundi amekwenda kunywa chai halina tofauti na jibu ambalo halikupatikana. Waandike jibu kwa mwandiko unaosomeka, walifikishe kwa mganga siku hiyohiyo, na wanapokuta jambo la hatari wasingoje karani, wapige simu.

Na wewe askari wa kawaida, mwenye bunduki au mwenye kirungu, una haki moja ambayo yafaa uitumie. Ukiugua, kabla ya kupokea dawa, muulize mganga kwa heshima: "Daktari, nimepimwa nini, na kipimo kimesema nini?" Swali hilo si ukaidi. Ni lilelile unalomuuliza mkubwa wako kabla ya kwenda doria, unapotaka kujua adui yuko wapi. Mganga mwema atafurahi kulijibu, na asiye na jibu atakumbuka wajibu wake. Kama kituo hicho hakina kipimo, omba upelekwe penye kipimo, mradi hali yako yaruhusu. Na mkeo na wanao wafanyie hivyohivyo.

Ni matumaini yetu kwamba wakubwa wa tiba katika jeshi na polisi watayatazama mambo haya, waanze na kambi zenye msongamano mkubwa, wahesabu ni ngapi zina kipimo cha kifua kikuu kinachofanya kazi na ni siku ngapi hupita kati ya askari kutoa makohozi na kupewa jibu. Hesabu hiyo ya siku ndiyo itakayotuambia kweli kama uvumbuzi umefika kambini au umeishia mjini.